ANNALENA TONELLI: MTUMISHI WA WAGONJWA WA WAJIR

UTANGULIZI

Katika kurasa za jarida letu tumezoea kusoma maisha ya wafalme, washairi na wapigania uhuru wa nchi za mbali. Hakuna ubaya. Lakini wahenga walitukanya tusiache mbachao kwa msala upitao. Kwa hivyo mara hii nimeonelea niandike juu ya mtu aliyeishi papa hapa kwetu, katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Ukitoka Mandera ukapita El Wak, ukashika njia ya Tarbaj, mwisho utafika Wajir. Huko ndiko Annalena Tonelli alikofanya kazi kwa miaka karibu kumi na mitano, na huko ndiko wazee wanakomkumbuka mpaka leo.

Mtu huyu hakuwa Msomali, hakuwa Mkenya, wala hakuwa Mwislamu. Alikuwa mwanamke Mkristo kutoka Italia. Hakuwa mtawa, hakutumwa na serikali yake, na hakuwa na cheo kikubwa. Pengine mtajiuliza, kwani ameingiaje katika jarida la Kiswahili la shule ya Mandera? Nitawaambia. Wengi wetu tukimaliza kidato cha nne tutatafuta kazi. Wengine watakuwa walimu, wengine wauguzi, wengine askari, wengine makarani wa ofisi za kaunti. Kila mmoja atakuwa na mkubwa wake wa kumwamuru. Na kila mmoja ataingia kazini akiwa na dini yake. Je, mtu wa dini amtii mkubwa wake kwa kiasi gani? Na siku akiamriwa jambo ambalo dini yake inalikataa, afanyeje?

Swali hili ni la Mkristo, na ni la Mwislamu vilevile. Annalena hakuandika kitabu cha kulijibu. Alilijibu kwa kazi ya mikono yake.

KUZALIWA NA UJANA WAKE

Annalena alizaliwa tarehe 2 Aprili 1943 katika mji wa Forlì, kaskazini mwa Italia. Wakati huo Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vingali vinapiganwa. Alisoma mpaka chuo kikuu akapata digrii ya sheria. Mtoto wa watu mwenye digrii ya sheria angeweza kufungua ofisi, kuvaa joho la wakili na kuishi kwa raha mustarehe. Yeye hakutaka.

Tangu ujana wake alikuwa akienda katika mitaa ya maskini ya mji wao kusaidia watoto wasio na wazazi na wasichana wenye ulemavu. Alishirikiana pia na vijana wenzake walioanzisha kamati ya kupambana na njaa duniani. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka sita hivi. Mwishowe akaona kwamba hata hiyo haimtoshi. Alitaka kuishi na maskini wenyewe, ale wanachokula wao na alale kama wanavyolala. Mnamo Januari 1969, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, akaiaga Italia akaja Afrika.

MWALIMU ASIYEONA HAYA KUJIFUNZA

Alipofika Kenya alianza kazi ya ualimu. Kwanza alifundisha Chinga, upande wa Nyeri, kisha akaja Wajir. Mwenyewe alikuwa akieleza kwamba alichagua ualimu kwa sababu hakuwa na ujuzi mwingine wa kumsaidia mtu. Alifundisha masomo ambayo mengine hakuwa ameyasomea kamwe. Basi alikesha na vitabu usiku, na asubuhi akaingia darasani akiwa tayari. Hapo, wanafunzi wenzangu, tunaona alama ya kwanza ya imani yake kazini. Hakudhani kwamba kuwa na moyo mzuri kunatosha. Mtu akipewa darasa, lazima ajiandae. Kumwomba Mungu na huku hujatayarisha somo ni kuwadanganya wanafunzi.

Wajir ya wakati huo haikuwa mahali pepesi. Vita vya Shifta, vilivyoanza 1963, vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma, na mkoa mzima uliendelea kutawaliwa kwa sheria za hali ya hatari ambazo ziliondolewa 1991. Mtu kutoka nje alitazamwa kwa shaka. Sasa fikirini mgeni huyu. Ni mweupe, ni Mkristo, ni kijana, tena hajaolewa. Mambo yote manne yalikuwa dhidi yake. Watu wa pale waliona ajabu mwanamke mzima kukaa bila mume. Watoto walimrushia mawe na maneno. Wengine walimwambia wazi kwamba peponi hataingia kwa sababu hana dini ya kweli.

Yeye hakubishana nao. Alivaa nguo za heshima kama kina mama wa mji, akajifunza lugha yao, akafanya kazi yake.

Katika mwaka wake wa kwanza wa kufundisha ukatokea ukame, na watu wakafa njaa. Hospitalini watoto walihitaji damu. Annalena alitoa damu yake mwenyewe, kisha akawasihi wanafunzi wake nao watoe. Mambo ya kutoa damu yaliogopwa sana wakati huo. Lakini mwanafunzi mmoja alikubali, halafu wa pili, halafu wakawa wengi. Ebu tazameni. Hakuwahubiria, hakuwalazimisha kwa kiboko cha mwalimu. Alitangulia yeye, wao wakafuata.

KIFUA KIKUU NA WAFUGAJI

Kazi iliyompa jina ni ile ya kutibu kifua kikuu, ugonjwa tunaouita qaaxo kwa Kisomali. Enzi hizo ugonjwa huu ulikuwa aibu kubwa. Familia ilificha mgonjwa wake, kwa maana ikijulikana, watu wangewakimbia na hata kuoa au kuolewa kungekuwa taabu. Wengi walikufa kimya kimya.

Hata aliyefika hospitali hakupona kwa urahisi. Matibabu ya zamani yalichukua mwaka mmoja au mwaka na nusu, pamoja na sindano nyingi. Nani kati ya wafugaji angeweza kukaa mji mmoja mwaka mzima? Ngamia wanataka maji na malisho. Mvua ikinyesha upande wa Ethiopia, watu wanahama. Mgonjwa akisikia nafuu kidogo baada ya mwezi mmoja au miwili, anaondoka na mifugo yake. Ugonjwa ulirudi ukiwa na nguvu zaidi, na mara nyingine dawa zile zile hazikufanya kazi tena. Maofisa wengi waliamini kwamba mfugaji hawezi kutibiwa kifua kikuu. Walimwona mkaidi.

Annalena hakuona hivyo. Aliona kwamba mpango wenyewe ndio haukufaa. Mwaka 1976 alipewa jukumu la kusimamia mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu wafugaji wenye kifua kikuu. Dawa mpya zilikuwa zimepatikana ambazo zingeweza kuponya kwa miezi sita. Basi akatoa wazo ambalo kwetu sisi watu wa hapa linaeleweka mara moja. Alisema mgonjwa aje na nyumba yake. Aje na aqal yake, mikeka na miti yake, aisimamishe mbele ya kituo, akae hapo na jamaa zake kama anavyokaa malishoni. Kila siku atameza dawa mbele ya mhudumu. Miezi sita ikiisha na kupimwa kuonyesha amepona, atakunja aqal yake na kwenda zake.

Hivyo ndivyo TB Manyatta ya Wajir ilivyozaliwa. Wagonjwa walikubali kukaa, kwa sababu hawakufungiwa ndani ya kuta. Walikuwa manyattani, na wakati wa kungoja walifundishwa kusoma na kuandika. Utaratibu huo wa kumwangalia mgonjwa akimeza dawa kila siku kwa muda mfupi ndio baadaye, katika miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani lilioupendekeza kwa nchi nyingi. Kwa hiyo jambo lililofanywa pale Wajir halikuwa dogo hata kidogo.

Sasa tazameni alivyoheshimu kazi na mamlaka. Annalena hakuwa daktari. Angeweza kujifanya daktari, kwani wagonjwa wengi wasingejua tofauti. Badala yake alikwenda shule tena. Alipata stashahada ya kudhibiti kifua kikuu hapa Kenya, akasomea magonjwa ya nchi za joto Uingereza, na ugonjwa wa ukoma huko Hispania. Mradi wenyewe aliuendesha kwa ruhusa na kwa utaratibu uliowekwa. Dawa zilihesabiwa, kadi za wagonjwa zikajazwa, taarifa zikapelekwa zinapotakiwa. Huo ni utii wa kazi. Mtu anayejiita mcha Mungu halafu daftari lake la stoo halisomeki, huyo anajidanganya.

IMANI BILA KELELE

Pamoja na wenzake wachache, kina dada waliotoka Italia kama yeye, Annalena alikaa pia na watoto waliolemazwa na polio, vipofu na viziwi, katika kituo cha kurekebisha viungo. Walikuwa maskini kwa hiari. Hakuwa na nyumba ya fahari wala akiba. Alilala saa chache, akaamka mapema kusali, kisha akaingia kazini.

Wasomaji, hapa pana jambo ambalo linaweza kutusaidia sisi tunaoishi watu wa dini mbili katika mji mmoja. Annalena hakuficha kwamba ni Mkristo. Kila mtu Wajir alijua. Lakini hakutumia dawa kama chambo cha kuwavuta wagonjwa waingie dini yake. Mgonjwa aliyetaka kuswali aliswali. Mwezi wa Ramadhani uliheshimiwa. Alisoma mambo ya Uislamu ili awaelewe anaowahudumia. Kwake, mgonjwa aliyelala kifuani pa maumivu alikuwa mgeni aliyeletwa na Mungu, na mgeni haulizwi kwanza dini yake.

Miaka ikapita. Wale waliomrushia mawe wakaanza kumletea watoto wao. Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja mzee mmoja mkubwa wa pale alimjia akamwambia kuwa Waislamu wana imani, na hao kina dada wana upendo. Tangu siku hiyo baridi ikaanza kuyeyuka. Lo! Fikirini ni kazi ya miaka mingapi mpaka mzee wa Kisomali atamke maneno kama hayo kwa mwanamke mgeni. Haikuwa kwa mdomo. Ilikuwa kwa makohozi aliyoyasafisha na vidonda alivyovifunga.

WAGALLA, 1984

Hadi hapo tumeona mtu mtiifu. Sasa tufike mahali ambapo utii ulipimwa kwa moto.

Tarehe 10 Februari 1984, askari wa usalama walianza kuwakamata wanaume wa ukoo wa Degodia katika Wajir na vijiji vya karibu. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwanyang'anya silaha. Watu hao walipelekwa kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Wagalla, nje ya mji. Walivuliwa nguo na kulazwa juu ya changarawe katika jua kali, siku baada ya siku, bila chakula na bila maji. Wengine walikufa kwa kiu, wengine kwa kipigo, wengine kwa risasi walipojaribu kukimbia. Baada ya siku nne tano, waliobaki walitawanywa, na baadhi yao, wazima na maiti, wakatupwa porini.

Serikali ya wakati huo ilisema waliokufa ni 57. Miaka mingi baadaye, katika ripoti yake ya 2013, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilieleza kwamba waliouawa walikaribia 1,000.

Sasa Annalena afanye nini? Yeye ni mgeni. Kibali chake cha kukaa nchini kiko mikononi mwa wakubwa hao hao. Mradi wake, wagonjwa wake, watoto wake wa polio, vyote vinategemea yeye kukubaliwa na serikali. Mtu mwenye busara ya kawaida angesema ni vizuri kunyamaza ili kazi isiharibike. Angefunga mlango, ahesabu vidonge vyake, aseme mambo ya siasa hayamhusu.

Annalena alitoka. Alichukua gari akaenda porini kutafuta waliotupwa. Aliokota waliokuwa wangali wanapumua, akawapa maji, akawaleta kutibiwa. Aliwasitiri wafu. Alipokatazwa hakuacha. Alipigwa, naye hakuacha. Majina ya waliokufa yalikusanywa, na kwa msaada wake habari za Wagalla zikafika nje ya Wajir, kwa mabalozi huko Nairobi na kwa dunia. Wengi huamini kwamba habari hizo zilizuia mauaji zaidi.

Ndipo akakamatwa na kufikishwa mbele ya wakubwa. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, na ndicho hasa kilichonifanya nichague maisha yake. Alieleza kwamba wakubwa wale waliokaa mbele yake hawakuwa Wasomali, na wote walikuwa Wakristo. Walimwambia kwamba alikwisha kuviziwa mara mbili auawe akanusurika, lakini mara ya tatu hataponyoka. Kisha mmoja wao, mtu wa kwenda kanisani, akamwuliza ni kitu gani kinachomsukuma kufanya anayoyafanya. Annalena akamjibu kwamba anafanya kwa ajili ya Yesu Kristo, ambaye anataka watu watoe maisha yao kwa ajili ya rafiki zao.

Tutulie hapo kidogo. Chumbani mle walikuwamo Wakristo wa pande mbili za meza. Wote walikuwa kazini. Wale wakubwa nao pengine walisali Jumapili, wakaimba nyimbo, wakatoa sadaka. Nao wangeweza kusema wanatii amri kutoka juu. Mmoja wao hata alishangaa, akauliza. Maana yake moyoni alijua kuna jambo haliko sawa. Tofauti yao na Annalena haikuwa katika jina la dini. Tofauti ilikuwa kwamba wao imani yao waliiacha mlangoni walipoingia ofisini, na yeye aliingia nayo.

KUFUKUZWA BILA KINYONGO

Baada ya Wagalla haikuwezekana tena akae. Mwaka 1985 ikambidi aondoke Kenya. Angeweza kujificha. Watu waliookolewa wangemficha, jangwa ni kubwa. Lakini hakufanya hivyo. Nchi ina wenyewe, na wenyewe walipomkataa, alifunga mizigo yake midogo akaenda.

Hapo ndipo tunaona mpaka wa utii wake ulivyochorwa. Serikali ilipomwambia ondoka, aliondoka, kwa sababu aliyeumia ni yeye peke yake. Lakini alipotakiwa kumwacha mtu afe kwa kiu porini, hakukubali, kwa sababu hapo angeumia mwingine. Tena hakupigana na askari kwa silaha, hakutukana serikali, hakuchochea ghasia. Alifanya lililo la haki hadharani, na adhabu ilipokuja akaibeba.

BORAMA NA MWISHO WAKE

Kutoka Kenya alikwenda Somalia, kwani aliwapenda Wasomali na hakutaka kuwaacha. Alitibu kifua kikuu Belet Weyne, kisha Mogadishu na Merca, wakati serikali ya nchi ile ilipoporomoka 1991 na vita na njaa vikawala watu. Mahali ambapo hapakuwa na serikali, hakuna wa kukuamuru wala wa kukulinda. Hata huko aliendelea kuhesabu vidonge na kujaza kadi, kana kwamba mkaguzi atakuja kesho. Mtumishi wa kweli hafanyi kazi kwa kuogopa mkaguzi.

Mwaka 1996 alianza kazi Borama, kaskazini magharibi, katika eneo la Somaliland. Hapo alijenga hospitali ya kifua kikuu iliyohudumia mamia ya wagonjwa. Alianzisha shule ya watoto viziwi, akaleta madaktari wa kuondoa mtoto wa jicho ili vipofu waone tena, akapinga ukeketaji wa wasichana, na akawapokea wagonjwa wa ukimwi ambao hakuna aliyetaka kuwakaribia. Kwa sababu hiyo wapo walioandamana na kuirushia hospitali mawe. Naye kama kawaida yake hakujibu kwa mawe.

Mnamo Juni 2003, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilimtunuku Tuzo ya Nansen huko Geneva, tuzo kubwa kwa watu wanaowasaidia wakimbizi. Alikwenda, akaipokea, akarudi kwa wagonjwa wake.

Jioni ya tarehe 5 Oktoba 2003, alipokuwa pale pale hospitalini Borama, alipigwa risasi ya kichwa akafa. Alikuwa na umri wa miaka sitini. Watu wa Borama walilia, na wa Wajir nao wakalia. Mabaki yake yalirudishwa Wajir, mahali alipokuwa akienda kusali wakati wa ujana wake. Basi mama huyu aliyefukuzwa akarudi, na safari hii hakuna aliyemwuliza kibali.

TUNAJIFUNZA NINI?

Wanafunzi wenzangu, kuna watu wawili ambao hawafai kazini. Wa kwanza ni yule anayesema ana dini, kwa hivyo hawezi kuamriwa na mtu. Anachelewa, anadharau mwalimu mkuu au bosi wake, akiulizwa anataja Mungu. Annalena alikuwa mtu wa sala kuliko wengi wetu, lakini aliingia darasani kwa wakati, alisomea kazi yake, alitunza mali ya wagonjwa na kuheshimu desturi za wenyeji. Paulo aliwaandikia Wakristo wa Rumi wawatii wenye mamlaka. Qurani nayo inawaamuru waumini wamtii Mungu, Mtume wake na wenye madaraka miongoni mwao. Hapo dini zetu mbili hazigombani.

Wa pili ni yule anayetii kila kitu. Akiambiwa aandike risiti ya uongo, anaandika. Akiambiwa amnyime mgonjwa dawa mpaka atoe kitu kidogo, anamnyima. Akiambiwa ampige mtu asiye na hatia, anapiga, halafu anasema mimi nilitumwa tu. Mitume wa Yesu walipokatazwa na baraza walisema ni lazima Mungu atiiwe kwanza. Na Waislamu wanafundishwa kwamba kiumbe hatiiwi katika jambo la kumwasi Muumba. Hapo pia dini zetu hazigombani.

Na tusidhani mambo haya ni ya Wazungu au ya zamani tu. Mnamo Desemba 2015, basi lililokuwa likija Mandera lilivamiwa karibu na El Wak, na wavamizi wakataka abiria Wakristo watengwe na Waislamu. Salah Farah, mwalimu wa shule ya msingi ya hapa Mandera, naye Mwislamu, alikuwa kati ya waliokataa kuwatoa wenzao. Alipigwa risasi, akafariki mwezi wa Januari 2016. Annalena alikuwa Mkristo aliyetoa maisha yake kwa Waislamu. Mwalimu Salah alikuwa Mwislamu aliyetoa maisha yake kwa Wakristo. Hawakukutana kamwe, lakini nadhani wangeelewana bila mkalimani.

Kesho na keshokutwa sisi ndio tutakaokaa katika viti vya ofisi. Mwingine wetu atakuwa nyuma ya meza kama wale wakubwa wa Wajir, na mbele yake atasimama mtu mnyonge. Siku hiyo hakuna atakayetuuliza tulipata alama gani katika insha. Tutaulizwa kama imani yetu tuliingia nayo ndani au tuliiacha mlangoni pamoja na viatu.

Mungu amrehemu Annalena, na awarehemu wote waliolala Wagalla. Amina.